Mwongozo kamili wa kuchagua na kupaka kihami umeme kwenye vipuri vidogo vya metali

Mbalamwezi ikikolea, mitumbwi ya dagaa hupumzika na taa zake hupanda kutoka Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, kuja mezani kwa mafundi. Usiku wa mwezi mpevu taa haiwavuti dagaa kama usiku wa giza, kwa hiyo siku hizo ndizo za kushona nyavu na kutengeneza vifaa. Fungua taa hizo moja baada ya nyingine, utakuta ugonjwa unaofanana: bodi nzima, LED zinawaka, ila kuna kipuri kidogo kimeliwa. Ulimi wa swichi. Springi ya betri. Mguu wa waya wa chanya pale unapoingia kwenye bodi. Mara nyingi utakuta pia kwamba kuna mtu alishapaka kitu hapo kabla, iwe rangi ya kucha, supa gluu au vanishi ya mota, na kutu imepita chini yake bila hodi.

Mwongozo huu unahusu vipuri vya namna hiyo, vya kuanzia milimita moja mbili hadi ukubwa wa kidole gumba, vinavyohitaji tabaka la kuzuia umeme na kuzuia maji kwa pamoja. Mifano ni ya taa za wavuvi, pampu ndogo na vifaa vya sola, kwa kuwa ndivyo vinavyojaa mezani huku. Ila utaratibu ni uleule kwa redio, kipimo cha maji au kifaa cha hospitali.

Msimamo wangu niuseme mapema, uupime unavyosoma: umbo la kipuri na usafi wake huamua matokeo kuliko chupa uliyonunua. Fundi mwenye vanishi ya kawaida na kipuri kisafi chenye kona za mviringo humshinda mwenye vanishi ghali na kipuri chenye mafuta na makali.

Hatua ya 1: Jua kipuri kinafanya kazi gani

Kabla ya kushika brashi, jibu maswali haya kwa kipuri kilichoko mkononi, si kwa kifaa kizima. Ni sehemu gani lazima ibaki tupu ili umeme upite? Kuna volti ngapi? Joto litafika wapi? Kipuri kinapinda, kinasuguana, au kimetulia? Na je, kuna siku utahitaji kukifungua na kukilehemu tena?

Swali la sehemu tupu ndilo linaloharibu kazi nyingi. Uso wa swichi unaogusana, ncha ya springi inayogusa betri, pini za kiunganishi, uso wa alumini unaopokea joto la LED, kioo cha sensa ya mwanga: hivyo vyote visiguswe na kihami. Chora kipuri kwenye karatasi, hata vibaya, kisha weka kivuli pale panapopakwa. Ukishindwa kuchora mpaka wa kupaka na kutopaka, bado hujakielewa kipuri.

Volti huwatisha watu, lakini kwa vifaa vya betri ndilo swali jepesi kuliko yote. Epoksi nzuri huhimili takriban kilovolti 15 hadi 20 kwa milimita moja ya unene. Tabaka la milimita 0.05 kwa hesabu ya karatasi lingehimili volti 750 hadi 1,000. Taa ya 12 V haihitaji hata sehemu ya kumi ya hapo. Unene tunaoongeza unahitajika kwa vitundu visivyoonekana kwa macho, kwa mikwaruzo, na kwa unyevu unaopenya polepole.

Umeme wa gridi ni habari nyingine. Hizo 230 V hufika kilele cha takriban 325 V mara 100 kwa sekunde, na tabaka la kupaka halipaswi kuwa kinga pekee kati ya umeme huo na mkono wa mtu. Hapo lazima kuwe na plastiki ngumu, nafasi ya kutosha na waya wa ardhi. Vanishi iwe nyongeza tu. Mteja akikuomba upake skrubu inayopitisha umeme wa gridi ili "isimpige mtu", mkatalie.

Wapo wanaouliza kama mwinuko wetu, zaidi kidogo ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, unapunguza uwezo wa hewa kuhami. Unapunguza kidogo, lakini viwango vya kimataifa vya nafasi kati ya sehemu zenye umeme havidai nyongeza hadi upite mita 2,000. Kinachotusumbua kando ya ziwa ni unyevu, magamba na mafuta ya samaki, na mvuke wa asidi ya betri.

Hatua ya 2: Tambua metali, na jirani yake

Sumaku ikinasa, ni chuma, hata kikiwa na ngozi ya zinki au nikeli juu. Isiponasa, inaweza kuwa shaba, brasi, alumini au chuma cha pua (ingawa baadhi ya vyuma vya pua hunasa). Kwangua kidogo mahali pasipoonekana: chini ya ngozi nyeupe mara nyingi kuna rangi ya shaba au ya brasi.

Kwa nini ujisumbue? Kwa sababu kila metali hushika rangi kivyake. Shaba hushika vizuri ikiwa imeng'arishwa siku hiyohiyo. Alumini hujifunika ngozi yake ya oksaidi mara tu unapoipiga msasa, kwa hiyo paka mapema, usisubiri kesho. Chuma cha pua kina uso laini mno, kinahitaji msasa namba 400 ili rangi ipate pa kung'ang'ania. Zinki ndiyo msumbufu: rangi nyingi huambuka juu yake baada ya muda, na hapo heri kuvisha kimpira kuliko kupaka.

Jirani wa kipuri ni muhimu kuliko kipuri chenyewe. Metali mbili tofauti zikigusana na zikapata maji, moja huliwa kwa ajili ya nyingine. Maji ya Ziwa Victoria ni baridi, hayana chumvi ya bahari, lakini yana madini ya kutosha kuendesha kazi hiyo, na yakichanganyika na maji ya samaki ndani ya mtumbwi huwa makali zaidi. Skrubu ya chuma kwenye kipande cha brasi: anayeliwa ni chuma. Alumini kwenye shaba: anayeliwa ni alumini.

Hapa ndipo wengi hukosea kwa nia njema. Wanaona skrubu ya chuma ndiyo yenye kutu, wanaipaka yenyewe tu na kuiacha brasi wazi. Tabaka likitoboka kidogo, nguvu yote ya brasi hukusanyika kwenye kitundu hicho kimoja, na chuma huchimbika kwa kasi kuliko kisingepakwa kabisa. Paka metali zote mbili. Ukilazimika kuchagua moja, paka ile isiyoliwa.

Kuna jambo jingine la umeme wa betri. Sehemu ya chanya ikipata maji huyeyuka na kuhamia upande wa hasi. Angalia taa iliyoingiwa na maji huku imewashwa: shaba ya chanya imekuwa unga wa kijani, wakati ya hasi bado ina uso. Kwa hiyo kama muda au vanishi haikutoshi, ipe chanya tabaka la ziada na uikague kwa makini zaidi.

Hatua ya 3: Ondoa makali, na fanya hesabu ya unene

Kimiminika chochote kinachokauka huvutika kutoka kwenye ukingo mkali kwenda kwenye uso bapa. Ni kama shuka fupi: ukivuta kichwani, miguu hubaki nje. Kipande cha bati kilichokatwa kwa mkasi kinaweza kuwa na mikroni 50 (milimita 0.05) katikati na karibu sifuri kwenye makali, na ni hapohapo kutu huanzia.

Piga makali yote kwa msasa laini au tupa ndogo mpaka kidole kisihisi ncha. Kwa kipuri kidogo, mviringo wa milimita 0.2 tayari unaleta tofauti. Vishungi vilivyoachwa na keekee au mkasi viondoe vyote. Kama kipuri hakiruhusu kuondolewa makali, mfano wembe wa kiunganishi, basi usitegemee kupaka.

Kisha hesabu. Tabaka la milimita 0.05 kwenye kijiti cha duara huongeza kipenyo kwa 0.1, kwa sababu liko pande zote mbili. Kwenye uzi wa skrubu mambo ni mabaya zaidi: kwa uzi wa kawaida wenye pembe ya nyuzi 60, kipenyo cha kati huongezeka mara nne ya unene. Yaani hizo 0.05 zinakuwa 0.2, na kwenye skrubu ya M3 (ya milimita 3) nati haiingii, au inaingia kwa kukwangua kihami chote. Uzi usipakwe kabla. Funga kwanza, kisha paka kichwa na ukingo wa nati.

Hatua ya 4: Chagua kihami

Anza na swali ambalo wengi hulikwepa: je, ni lazima kupaka? Kimpira cha kusinyaa kwa joto, kile mafundi wanachokiita hitishrinki, hushinda vanishi kila mara kipuri kinapokuwa kirefu na chembamba. Unene wake unaujua, hakina vitundu, makali hayakitishi sana. Chagua chenye gundi ndani, kinachosinyaa hadi theluthi moja ya upana wake. Kwa mguu wa waya kwenye taa ya dagaa, sina chaguo jingine ninaloliheshimu zaidi ya hilo, na sababu ni kwamba maji hayapiti juu ya waya tu, hupanda ndani kati ya nyuzi za shaba, chini ya ganda la plastiki, hadi kwenye bodi. Gundi ikiyeyuka huziba njia hiyo. Vanishi haifiki huko.

Vanishi ya akriliki ya bodi ndiyo ya kwanza kufikiria kwa miguu ya vipuri na viungo vya lehemu. Hukauka haraka, huhimili joto la takriban nyuzi 125 za Selsiasi, na ukitaka kufungua tena huyeyuka kwa kimiminika chake. Udhaifu wake ni huohuo: petroli na tina huiyeyusha pia. Unene wa kawaida kwenye bodi ni mikroni 30 hadi 130.

Poliyurethani ni ngumu zaidi kwa mikwaruzo na kemikali, na hupinda kidogo bila kupasuka. Ndiyo ninayoipa kipuri kinachoshikwashikwa. Ila kuibandua ni kazi, na za sehemu mbili zina isosianati ambayo huumiza mapafu. Usizipulize ndani ya kibanda kisicho na upepo.

Silikoni inafaa panapopinda na panapopata joto. Nyingi hufika nyuzi 200. Inapakwa nene kidogo, mikroni 50 hadi 210, ni laini, kwa hiyo kucha tu inaikwangua. Sasa sikiliza vizuri: silikoni ya madirisha yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula shaba. Nimeona bodi nzuri zikiharibiwa na "ulinzi" huo. Nunua ile isiyo na harufu ya siki, iliyoandikwa kuwa haina asidi au inafaa kwa elektroniki. Kama lebo haisomeki, fungua kifuniko unuse kabla ya kulipa.

Epoksi ya sehemu mbili ni ngumu, hushika karibu kila kitu na inapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi. Ni nzuri kwa kuzika kiungo ambacho hutakifungua tena. Lakini nyingi za kukauka bila moto huanza kulainika joto likifika nyuzi 50 au 60, na kasha jeusi lililoachwa juani kwenye mtumbwi hufika hapo kwa urahisi. Usiitumie jirani na LED yenye nguvu.

Vanishi ya mota, ile ya mafundi wa kusuka waya, imetengenezwa kwa joto kubwa: daraja F ni nyuzi 155, H ni 180. Ni kihami kizuri sana, tatizo ni kwamba nyingi zinataka kuokwa ndipo zikomae. Ukiiacha ikauke kwa upepo hubaki ikinata kwa siku nyingi na hukamata vumbi. Kama una njia ya kuioka kipuri kivyake, bila bodi, tumia bila wasiwasi.

Rangi ya unga inayookwa kwenye nyuzi 180 hadi 200 ni imara na nene, mikroni 60 hadi 100, lakini hebu fikiri: lehemu ya risasi na bati huyeyuka kwenye nyuzi 183, na sumaku ndogo za neodimiamu za daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu zikipita 80. Ni ya mabano na vifuniko. Anodaizi, yaani ngozi ya oksaidi inayokuzwa kwa umeme, kwenye vipuri hivi ni ya alumini. Ni ngumu, haiongezi unene mwingi, lakini hupasuka kipande kikipindwa na ni dhaifu kwenye kona.

Juu kabisa ya ngazi kuna parilini. Haipakwi, huvukizwa ndani ya chombo kisicho na hewa na kujijenga juu ya kipuri molekuli kwa molekuli, kwa unene ulio sawa hata kwenye makali na ndani ya springi. Mikroni 10 zake hufanya kazi ambayo vanishi ya mikroni 50 inashindwa, na ndiyo maana hutumika kwenye vifaa vinavyopandikizwa mwilini kama vile vya kuongoza mapigo ya moyo. Inahitaji mtambo, hivyo kipuri lazima kisafirishwe na gharama igawanywe kwa mamia ya vipande. Kwa taa moja ya mvuvi, sahau. Kwa anayetengeneza sensa za maji kwa wingi, aombe bei.

Vitu vya kuachana navyo: supa gluu hukauka kavu na kukatika, tena mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye miguso ya swichi. Rangi ya kucha ni ya dharura, inashika moto kirahisi na hupasuka. Dawa ya kulegeza kutu si kihami hata kidogo. Mafuta mazito ya mgando, kwa upande wake, yanafaa kwenye vichwa vya betri, mradi uyapake baada ya kukaza nati.

Hatua ya 5: Safisha

Hapa ndipo utumie muda wako. Mafuta ya dagaa hayaonekani yakiwa membamba, lakini yanatosha kuinua tabaka lote baada ya wiki chache.

Anza na maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa brashi ya meno. Palipoguswa na asidi ya betri, paka kwanza baikaboneti ya soda, ile ya kuokea, iliyokorogwa kwenye maji, mpaka isitoe povu tena. Suuza kwa maji ya bomba, kisha malizia kwa maji yaliyokenekwa. Duka la betri wanayo. Hakikisha unapewa maji, usipewe asidi, kwani chupa hufanana. Ondoa mabaki ya fluksi, ile dawa ya kulehemu, kwa pombe ya isopropili. Spiriti ya buluu ina rangi na maji ndani, huacha doa. Petroli na mafuta ya taa huacha utando wa mafuta. Kusafishia navyo ni kurudisha uchafu kwa mlango wa nyuma.

Jaribio la usafi halina gharama. Chovya kipuri kwenye maji yaliyokenekwa, kitoe, kitazame kwenye mwanga. Maji yakitandaa uso mzima bila kukatika, ni kisafi. Yakijikusanya kuwa matone, bado kuna mafuta, rudia. Usisonge mbele kwa sababu mteja anasubiri mlangoni.

Kuanzia hapo shika kwa kibano au glavu. Kausha kwenye joto la nyuzi 60 hivi kwa nusu saa, chini ya balbu au kwenye kikausha nywele cha moto mdogo. Asubuhi za masika, kipuri kilicholala kwenye kasha baridi hupata umande mara kikitolewa nje. Kiache kipate joto la chumba kwanza, halafu ndipo upake.

Hatua ya 6: Ziba pasipopakwa

Tepu ya poliimaidi, ile ya rangi ya kahawia inayopenya mwanga, ndiyo bora kwa sehemu bapa, haiachi gundi. Mashimo yazibe kwa kijiti cha kuchokonolea meno kilichochongwa. Ncha za pini zivishe vipande vya mpira wa mrija mwembamba. Usizibe kwa vaselini: hutambaa hadi mahali pa kupaka na kazi ya hatua ya tano inapotea bure. Tepu itolewe tabaka likiwa limeshika lakini halijawa gumu; ukingoja hadi likomae, litapasukia usipotaka.

Hatua ya 7: Paka

Kwa kipuri kidogo, kuchovya ni bora kuliko brashi, na brashi ni bora kuliko kopo la kupuliza, ambalo hupitisha nusu ya vanishi hewani na kuacha kivuli nyuma ya kila mguu.

Tundika kipuri kwa waya mwembamba mahali palipozibwa. Kichovye taratibu, kwa pembe, ili hewa itoke kwenye mashimo na kona za ndani. Kiache humo mpaka vipovu viishe. Kisha kitoe polepole kuliko ulivyokiingiza. Kasi ya kutoa ndiyo inayopanga unene. Utaona tone likijikusanya chini. Tone hilo lisipoondolewa huwa kinundu kinachokauka nje na kubaki kibichi ndani, kisha hupasuka. Liguse kwa ncha ya karatasi laini au brashi kavu, litanyonywa lote mara moja.

Tabaka mbili nyembamba, kila mara. Kitundu cha tabaka la kwanza ni nadra kuangukia juu ya kitundu cha pili. Kati ya tabaka, geuza kipuri juu chini, maana upande wa juu daima hubaki mwembamba.

Springi ina hila yake. Ukiichovya ikiwa imelala, vanishi huunganisha pete na ikikauka springi inakuwa kijiti. Ivute kidogo kwa waya mbili ili pete ziachane, ziba ncha zote mbili, tumia silikoni nyepesi au poliyurethani inayopinda, na ikiisha kuchuruzika ibonyeze na kuiachia mara chache kabla haijashika.

Fanya haya mahali penye upepo, mbali na jiko la mkaa na sigara. Epoksi isikuguse ngozi: mzio wake ukikushika mara moja, hautoki tena.

Hatua ya 8: Acha ikomae

Kushika kwa kidole si kukomaa. Akriliki hushika kwa dakika, lakini ipe saa 24 kabla ya kuirudisha kazini. Silikoni hukomaa kwa kunyonya unyevu wa hewa, milimita mbili au tatu kwa siku, kwa hiyo donge nene lataka siku kadhaa. Hapo hewa yetu ya ziwani inakusaidia. Epoksi fuata lebo, na usikisie vipimo vya kuchanganya: kigumu kikizidi hakiharakishi, huacha uso unaonata milele.

Wadudu wa ziwani ni tatizo ambalo lebo za Ulaya hazilijui. Lile wingu lisilouma linaloinuka ziwani kama moshi hufuata taa yoyote jioni, na mdudu mmoja akitua kwenye vanishi mbichi ameacha njia ya maji. Paka asubuhi. Ikibidi jioni, funika kwa ndoo iliyoinuliwa kidogo kwa vijiti na kufungwa chandarua, mbali na balbu.

Hatua ya 9: Pima

Pima kwa mikromita kabla na baada ya kupaka. Nusu ya tofauti ndiyo unene wa upande mmoja. Vanishi nyingi za bodi zina rangi inayong'aa chini ya taa ya zambarau ya kukagulia noti. Zima balbu, pitisha taa hiyo, palipo peusi hapakupata.

Kisha tafuta vitundu. Chukua kikombe cha plastiki, maji ya vuguvugu, kijiko cha chai cha baikaboneti ya soda na tone moja la sabuni ili maji yapenye hata kwenye vitundu vidogo. Unganisha kipuri kwenye hasi ya betri ya 9 V, na kipande cha chuma cha pua kwenye chanya. Zamisha kipuri, sehemu tupu ibaki nje ya maji. Subiri dakika moja ukitazama kwa lenzi. Pale penye kitundu patatoka mkufu wa vipovu vidogo, na hutakuwa na haja ya kubahatisha mahali. Usigeuze nyaya: kipuri kikiwa chanya, kinaliwa. Na usitumie chumvi ya mezani, maana hutoa klorini upande wa pili.

Kwa vipuri vitakavyobeba volti kubwa zaidi, funga kipuri kwa kitambaa kilicholoa, zungushia karatasi ya alumini, kisha tumia mega, yaani kipimo cha ukinzani wa kihami, kwenye 250 V kati ya metali na karatasi. Kipuri kiwe kimetolewa kwenye bodi, la sivyo utaua saketi. Mimi kikisoma chini ya megaohm 100 nakirudisha hatua ya tano. Usijaribu kwa kuchomeka kwenye soketi.

Kushika kwa rangi kupime kwenye kipande cha mfano cha metali ileile, ulichokipaka pamoja na kipuri. Kata mistari sita kwa wembe, ivuke kwa mingine sita, bandika tepu, vuta kwa nguvu. Vipande vikija na tepu, tatizo ni usafi au msasa. Kubadili chupa hakutasaidia.

Kikifeli

Usipake juu ya tabaka lililoinuka. Utafungia maji ndani. Akriliki iondoe kwa kimiminika chake na brashi. Poliyurethani hulainika kwa joto la ncha ya chuma cha kulehemu, ila moshi wake usiuvute. Silikoni ichane kwa kijiti cha mbao, halafu safisha mara mbili, kwa kuwa mabaki yake hukataa rangi yoyote itakayofuata, hata silikoni nyingine hushika kwa shida. Epoksi ikiwa imeshika kipuri cha bei ndogo, kata, weka kipya.

Ukishamaliza, andika ndani ya kasha kwa kalamu isiyofutika jina la kihami na tarehe. Fundi atakayeifungua taa hiyo kisiwani Ukerewe au Kome atajua aanze na kimiminika gani.